Kiboko Niliyemwita Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita
Nimepata kazi! Mimi, Marcellin, mlinzi wa mikro, kile kinasa sauti kilichozamishwa katika mto Lualaba. Mama Véronique, mtafiti, anasikiliza viboko chini ya maji mwaka hadi mwaka, ajue kama wanapungua. Anasema baharini wanahesabu hivyo hivyo nyangumi na pomboo. Alinivalisha ekuteri masikioni. Lo! Mchanga unatembea. Samaki wanagunaguna. Nilikaa mdomo wazi mpaka Apolline, mke wangu, akaja kuniuliza kama nimerogwa.

Jumatano, tarehe 4
Siku tatu, kiboko hakuna. Mama Véronique kasema, asiposikia hata mmoja hadi Jumamosi, mikro itahamia kwa Joël, kule mto unakotokea. Joël! Mtu anayesinzia akiwa amesimama! Na mimi nisiusikie tena mto wangu? Haiwezekani.

Ijumaa, tarehe 6
Dawa imepatikana. Bidon, dumu la mafuta, nimeikata kitako. Nikaingia majini hadi kifuani, bidon nusu ndani ya maji, mdomo kwenye tundu. Kwetu hakuna kazi inayoanza bila sala, hata kupanda karanga. Nikasali. Kisha nikakoroma kama dume zee lenye hasira, mara ishirini. Maji yakatetemeka tumboni. Kwa kitambo nikawa kiboko kweli: mzito, mtulivu, hakuna wa kunituma kuni. Apolline, aliyekuja kuroweka mihogo, aligeuka akarudi nyumbani na mihogo yake.

Jumamosi, tarehe 7
Mama Véronique alisikiliza, akanipa ekuteri. Sauti yangu mwenyewe, wazi kabisa: Baba wa mbinguni, ubariki uongo huu.

“Papa Marcellin,” alisema, “kiboko wako anasali.”

Aibu! Kisha akanisikilizisha sauti za Alhamisi, siku niliyoshinda soko la Kasongo nikitafuta bidon. Kiboko wa kweli! Dume kijana, peke yake, akiita polepole. Alikuja mwenyewe. Baada ya kukoroma kwangu, kimya. Alidhani mwenye mto amerudi, akakimbia. Jana jioni Joël kamwona kwake. Mikro imemfuata.

Jumapili, tarehe 8
Nimelia, sifichi. Kanisani sikusikia mahubiri. Masikio yalikuwa bado chini ya maji. Apolline kasema niache, nikalime. Lakini nimefikiri vizuri. Kudanganya hakukuwa kosa. Kosa ni sauti nene. Kijana yule ni mpweke, anatafuta mwenzake. Akirudi yeye, mikro nayo itarudi.

Kesho alfajiri naingia tena mtoni. Nitaita kama jike.