Kandili ya Chemchemi ya Mbuzi

Jumatatu, 3 Agosti
Vyumba vitatu vya kupangisha, mgeni hakuna hata mmoja. Upepo wa kaskazini umevuma wiki nzima, meli zinapita tu. Ikitia nanga moja, jirani yangu Marouso yuko gatini na kibao chake cha vyumba, anawazoa wageni wote. Mume wangu Pantelis kasema vyumba visipojaa kufikia sikukuu ya Mama wa Mungu, tarehe 15, anarudi ubaharia. Mtoto ana meno mawili tu! Atamwita nani baba? Haendi mtu.

Jumatano, 5 Agosti
Nimepata! Wageni wanapenda picha. Marouso ana ufuko. Mimi nina chemchemi nyuma ya nyumba, inayojulikana na mbuzi peke yao. Nimefukuza mbuzi, nimepaka mawe chokaa, mtoto kwenye mbeleko, nimetundika kandili ya mafuta tawini. Inapendeza. Jioni mbuzi wamelamba chokaa.

Jumamosi, 8 Agosti
Mama mkwe kaiona kandili. Kwetu haiwashwi kondeni ila pale alipotokea mtakatifu. Kafanya ishara ya msalaba mara tatu, kauliza ni mtakatifu gani kanitokea. Nikamwambia ni pambo la wageni, mama. Akasema waliotokewa hukana hivyo hivyo. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kinajua. Marouso kauliza kama siku ya kutokewa angalau nilichana nywele.

Jumanne, 11 Agosti
Vyumba vimejaa! Mabibi wa visiwa jirani wamekuja kuhiji chemchemi, wawili wawili kitandani, mmoja jikoni. Nikataja bei. Mama mkwe nusura azimie: aliyekuja kwa nadhiri halipishwi hata kahawa. Wamemaliza biringanya zangu. Wanamtemea mtoto ptu, ptu, asipatwe na kijicho. Mtoto kalowa.
Nikamkumbusha Pantelis kwamba alisema vijae, na vimejaa. Kacheka, kaendelea kukunja mashati ya safari.

Jumapili, 30 Agosti
Mkono hauna nafasi ya kuandika. Siku ya sikukuu padri alitangaza kwamba chemchemi itajengewa kikanisa, na mwashi ni mume wa aliyetokewa. Mbele ya watu wote! Nahodha gani atampakia baharia aliyekimbia kazi ya mtakatifu?
Njiani Pantelis akaninong'oneza, "Sema kweli, Stamatia. Ulimwona nani pale?"
"Nilikuona wewe ukiondoka."
Kesho yake akaanza kubeba mawe.
Leo ukuta umefika kiunoni. Mtoto kakaa mchangani, anamwita baba. Tatizo ni kwamba Pantelis anajenga haraka mno. Kazi haitafika Krismasi.
Nimepanda hadi pango la juu. Kuzuri, kuna popo tu. Kesho napeleka kandili nyingine.