Kifungu cha Pili Hakina Haja ya Kusomwa

Jumatatu, 4 Machi

Mtihani wa kuingia chuo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Shati nimeshalipiga pasi. Wengine wangeanza na vitabu. Ndio hao wanaofeli, tena wakiwa na makunyanzi.

Mkuu wa ofisi ametuita wawili: mimi na karani wa meza ya jirani, ambaye humu daftarini namwita Kalamu Tatu kwa sababu ya mfuko wa shati lake. Tatu! Na mkono wa kuandikia ni mmoja. Mkuu akasema atakayepita ataachiwa aende chuo miaka miwili, na kazi yake itamngoja. Atakayefeli atabaki hapa, chini yake. Hili la mwisho alilisema akitabasamu. Ni mama mfupi mwenye viatu vinavyolia kama nyundo. Nikivisikia ushorobani napanga upya karatasi ambazo zimeshapangwa, na jasho linanitoka mgongoni tu, mahali ambapo kwa bahati nzuri halionekani.

Miaka miwili bila viatu vile. Lazima nipite.

Nyumbani nako kuna yake. Naishi kwa mama mdogo, naye anataka chumba changu kiwe cha cherehani. Amesema nikienda chuo cherehani itaingia bila ugomvi. Nikamuuliza, na nisipokwenda? Akasema itaingia vilevile, ugomvi utakuwa wangu. Sikushtuka sana. Mumewe, baba mdogo, hajatamka neno. Na baba mdogo hajapata kukubaliana na mkewe juu ya jambo lolote, hata kama mvua inanyesha au hainyeshi.

Jumanne, 5 Machi

Masomo ya matayarisho, baada ya kazi. Mwalimu ni bwana mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Leo amefika kwenye ile sehemu inayotisha watu: ufahamu wa vifungu viwili. Unapewa mwandishi wa kwanza, unapewa mwandishi wa pili, wote juu ya jambo moja. Kisha unaulizwa huyu kasema nini, yule kasema nini, na huyu angemjibu yule vipi. Unachagua jibu moja kati ya manne.

Ushauri wake: soma kifungu cha kwanza na ujibu maswali yake kabla hakijakutoka kichwani. Ndipo usome cha pili. Pembeni ya kila kimoja andika maneno machache, huyu anataka nini na kwa nini. Jihadhari na jibu ambalo ni kweli kwa mwandishi mmoja lakini limebandikwa kwa mwenzake. Mwisho, wawaze wawili hao wamekaa meza moja. Wangeambiana nini?

Wangetupiana vikombe, wangeambiana nini kingine! Darasa zima likaandika. Kalamu Tatu alibadilisha kalamu katikati ya sentensi. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nimeshaona jambo ambalo mwalimu, kwa miaka yake yote ya kula chaki, hajaliona.

Watungaji wa mtihani huwaweka waandishi wawili pamoja ili wagombane. Nani angejisumbua kutafuta watu wawili wanaokubaliana? Basi ukishasoma cha kwanza, cha pili unakijua. Ni kilekile kimegeuzwa nje ndani, kama soksi. Wa kwanza akisema ndiyo, wa pili anasema hapana. Nusu ya kusoma imeondoka. Nusu ya hofu pia.

Nimeiita Kanuni ya Soksi. Simwambii mtu.

Jumatano, 6 Machi

Kanuni imejaribiwa nyumbani. Mama mdogo akasema pazia la sebuleni limechakaa. Nikakimbilia uani kwa baba mdogo, ambaye hakuwa amesikia lolote, nikamuuliza pazia analionaje. Akasema lina uhai kunishinda mimi. Sawasawa! Mama mdogo akasema redio inapiga kelele. Baba mdogo akasema haisikiki kabisa. Mama mdogo akasema chai ina sukari nyingi. Nikakimbia tena. Safari hii baba mdogo aliweka gazeti chini, akaniuliza taratibu, "Wewe mtoto, humu ndani unatafuta nini, chakula au vita?"

Nikasema chakula. Akarudi kwenye gazeti. Akaongeza kwamba chai haina sukari.

Alhamisi, 7 Machi

Zoezi darasani. Mwandishi wa kwanza alisifu sare za shule. Cha pili sikukigusa, nilikifunika kwa kiganja ili nisije nikakiona kwa bahati mbaya. Kila swali la cha pili nikachagua jibu linalochukia sare. Nikapata yote! Kalamu Tatu, aliyesoma vyote viwili huku midomo inamcheza, alikosa moja.

Mwalimu akataka nioneshe mstari ulionipa jibu. Nikasema nimeuhisi. Akasema mtihani hauna alama za hisia. Wivu wa mtu mzima ni kitu cha aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Kanuni imeingia kazini. Kwa nini nisiitumie? Ofisi yetu inapokea malalamiko ya maji. Faili langu la leo lilikuwa na barua mbili za mtaa mmoja: ya msusi, na ya fundi wa kuchomelea vyuma anayetazamana naye. Msusi anaandika kwamba maji yanatiririka kutoka upande wa fundi mpaka mlangoni kwake, na wateja wanaruka kama vyura. Ya fundi sikuisoma. Ya nini? Atakuwa anasema hajamwaga maji, na kwamba msusi ana mdomo.

Nikaandika jibu safi. Kwamba ofisi imezipima kwa makini hoja za pande zote mbili. Kwamba fundi azuie maji yake. Kwamba msusi apunguze maneno. Kwamba wote wapatane. Mkuu akatia sahihi akiwa amesimama. Nakala zikaenda kwa wote wawili kabla ya chakula cha mchana. Wakati huo Kalamu Tatu alikuwa bado kwenye faili alilofungua asubuhi, anasoma barua ya pili. Masikini ya Mungu.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbaya.

Msusi na fundi waliingia ofisini pamoja, kila mmoja na barua yangu mkononi. Nilijua wamekuja kumalizana, nikasogeza chupa ya wino mbali. Hawakupigana. Msusi alisimama mbele ya meza yangu akaisoma barua kwa sauti, akiniigiza. Sauti yangu haiko hivyo. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Msusi alipofika kwenye "apunguze maneno", ofisi nzima ilikuwa imesimama kutazama.

Inaonekana barua ya fundi ilisema hivi: bomba lililopasuka ni letu, la ofisi, limepita chini ya ukuta wake. Yeye mwenyewe amewawekea wateja wa msusi kidaraja cha chuma. Na kwa pamoja wanaomba bomba likarabatiwe. Kwa pamoja! Watu wazima, wanatazamana mlango kwa mlango, na hawana hata aibu ya kukubaliana.

Msusi akainama karibu nami. "Mwanangu," akasema, "ulitusoma, au ulituotea?"

Nikasikia viatu.

Mkuu akanifungia mlango wa chumba chake, mimi nikiwa ndani. Akauliza kama nilisoma barua zote mbili. Nikasema ndiyo. Akauliza ya fundi inaishaje.

"Inaisha kwa sahihi, mama."

Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa na alama ya dole gumba. Na juu ya dole, mwandiko uleule wa barua ya kwanza. Msusi ndiye aliyemwandikia.

Mkuu hakupandisha sauti. Angepandisha ningepona. Alisema nikifeli mtihani meza yangu itahamia humu chumbani kwake, itazamane na yake, ili nimsomee kila barua kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Mgongo wote ukalowa.

Nimefikiri sana. Kosa si la Kanuni. Msusi na fundi si waandishi. Watungaji wa mtihani ni watu waliosoma, wanajua kwamba vifungu viwili vimeumbwa vigombane.

Alhamisi, 14 Machi

Kalamu Tatu kaja mezani kwangu kwa unyenyekevu wa kuchosha. Anataka tufanye mazoezi pamoja: yeye asome kifungu kimoja, mimi kingine, kisha kila mtu amweleze mwenzake mwandishi wake anataka nini. Nikamwona! Anataka kuichimba Kanuni. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaniachia vidonge viwili.

Sikuvimeza. Jioni kichwa kikauma kwelikweli.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemaliza mtihani nusu saa kabla ya wote.

Vifungu viwili vilihusu kengele za shule. Wa kwanza alitaka ziondolewe, kwa hasira, kwamba zinawashtua watoto kama mbuzi. Vizuri. Basi wa pili anazipenda, kengele ni nguzo ya nidhamu, na kadhalika. Nikakifunika kwa kiganja. Nikajaza viduara vyangu vya majibu taratibu, bila kutoka nje ya mstari hata kimoja. Swali moja lilinukuu maneno ya kifungu cha pili, eti "kengele hukata wazo kama mkasi". Nikalisoma mara mbili. Halafu nikaelewa: mtego wa kuwatisha wenye imani haba.

Msimamizi akapita, akaniona nimekunja mikono. Akaninong'oneza kwamba muda upo, nipitie tena. Nikamshukuru. Kupitia nini? Nilitumia muda uliobaki kumtazama Kalamu Tatu. Ameandika pembeni ya kifungu cha kwanza. Ameandika pembeni ya kifungu cha pili. Mara akatabasamu peke yake, kama mtu anayesikiliza wenzake wakizungumza. Nilimhurumia.

Nje ya ukumbi alinikimbilia, anauliza nimeonaje vile vifungu. Akasema jinsi waandishi walivyofanana ilimchekesha: wote wawili hawazitaki kengele, mmoja anafoka, mwingine anatania, mmoja kwa ajili ya masikio ya watoto, mwingine kwa ajili ya mawazo yao. Akasema maswali yote magumu yalikuwa kwenye hiyo tofauti ndogo.

Nikamwambia naona alikosea kusoma.

Akasema labda. Kisha akaniuliza kama kichwa kimepoa. Sijapata kuona mtu mwenye kiburi kama yule.

Ijumaa, 29 Machi

Majibu yametoka. Yamebandikwa ushorobani, chini ya taa, ili hata mwenye macho mabovu asikose. Kalamu Tatu kapita. Mimi sikupita. Sehemu ya vifungu viwili nimekosa kwa namna ambayo mwalimu amesema hajapata kuiona: kila swali la kifungu cha pili, bila kubakiza. Alisema hata mtu aliyefumba macho angepata moja au mawili. Nimelichukua kama sifa. Inahitaji utaratibu.

Meza yangu imebebwa na walinzi wawili mpaka chumbani kwa Mkuu. Kutoka nilipo naviona viatu vyenyewe.

Nikarudi nyumbani nikiwa na tumaini moja: baba mdogo. Mama mdogo alikuwa mlangoni, akanipa pole, akanipa na uji, akasema cherehani inakuja Jumapili ijayo. Nikatabasamu. Nikaenda chumbani kwangu kumngoja mpinzani wake.

Mpinzani wake alikuwa chumbani tayari. Amepanda kwenye kitanda changu na futi ya kupimia, anapima dirisha. Akasema mwanga wa hapa ni mzuri kwa kushona, mama mdogo wako ana jicho. Nikamwuliza kama anasikia anachokisema. Akasema, "Mwanangu, kwenye pazia tunabishana. Kwenye nyumba tunazungumza."

Nikakaa juu ya sanduku langu. Uji ukapoa.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika kutoka chumba kipya. Ni kile alichokuwa anapanga Kalamu Tatu. Yeye keshakwenda chuo, na kabla hajaondoka alimwambia mwenye nyumba anipokee. Aliniachia pia mazoezi yake yote ya vifungu viwili, yenye vijineno pembeni, kila mwandishi na haja yake. Na kalamu moja. Sasa anatembea na mbili, angalau anakaribia kuwa kama watu wenye akili.

Mazoezi nimeyaweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza imetulia vizuri.

Sijakaa bure lakini. Wiki nzima nikimsomea Mkuu barua, koo limekauka, akili imefanya kazi. Nimetazama yote yaliyonipata na nimeona nilipokosea. Msusi na fundi walikubaliana. Waandishi wa kengele walikubaliana. Mama mdogo na baba mdogo walikubaliana. Inakuwaje mtu mwenye elimu yangu asione? Watu wawili wakiwekwa pamoja hukubaliana. Daima! Soksi haigeuzwi. Soksi ziko mbili, na zinafanana.

Basi mwakani nitasoma kifungu kimoja tu, na cha pili nitakijibu vilevile. Sitamwambia mtu. Mwalimu atakula chaki yake yote.

Na Kanuni mpya imeanza kunifaa tayari. Asubuhi mke wa mwenye nyumba aliniambia naruhusiwa kupika humuhumu chumbani, hakuna tabu. Mwenye nyumba sijamwuliza. Ya nini? Jiko nimeliwasha, mafuta yanachemka, moshi unatoka vizuri kupitia chini ya mlango.

Namsikia mwenye nyumba anapanda ngazi mbio. Bila shaka anakuja kunikaribisha.