Kibali cha Kujenga Mfupa

Umma unatangaziwa kwamba Kitengo cha Ukaguzi wa Majengo, Nachingwea, yaani mimi, kimepiga marufuku kubomoa na kujenga kwa wakati mmoja. Mwananchi atabomoa kwanza, atapewa cheti cha kumaliza kubomoa, ndipo aombe kibali cha kujenga. Katikati kuna miezi mitatu ya kutafakari. Utaratibu huu niliutunga mwenyewe. Nina stashahada.

Wa kwanza kuukiuka ni Bi Mwanawetu wa Nambambo. Nyumba yake ya miti na udongo imechoka, naye anaigeuza ya matofali ya kuchoma huku akiishi humo humo na wajukuu. Leo anatoa udongo hatua moja, kesho anajaza tofali hatua moja. Nikampa siku kumi na nne abomoe yote. Akasema mvua za Desemba zitawakuta nje. Nikamjibu kwamba mvua haimo katika kanuni.

Siku zilipokwisha nilikwenda na rangi nyekundu kuchora X ukutani. X ya serikali lazima ionekane kutoka barabarani, kwa hiyo nilipanda juu ya rundo la matofali yake. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda, mkono wa kulia ukavunjika. Bi Mwanawetu ndiye aliyeufunga, kwa fito za ukuta uleule na kanga yake, akaniitia bodaboda.

Ndugu zangu wakanipeleka Ruangwa kwa daktari wetu wa siku zote, aitwaye Kaimu. Alipomaliza kunifunga plasta nilimuuliza nani anasimamia kazi humo ndani.

“Hakuna msimamizi, mama. Seli zinaziba ufa kwa kitu laini, baadaye kinakuwa mfupa. Halafu kuna seli zinazokula mfupa uliozidi au uliochakaa, na nyuma yake zinakuja zinazojenga mpya. Kidogo kidogo. Hata mkono wako wa kushoto unafanya hivyo sasa hivi.”

“Zinabomoa na kujenga kwa wakati mmoja?”

“Zikibomoa tu, mfupa unakuwa kama chujio la nazi.”

Nikauliza kama zinaweza kusubiri miezi mitatu katikati. Kaimu aliniangalia, akaniandikia dawa nyingine.

Wiki ya pili Bi Mwanawetu alikuja ofisini. Nilidhani analeta barua ya rufaa. Alichovya kidole kwenye kopo langu la rangi, akanichora X juu ya plasta.

“Humu kunajengwa. Kibali kiko wapi, mwanangu?”

Nilipekua kanuni kutafuta jibu. Lilikuwepo, kwa maneno yangu mwenyewe: kisicho na kibali kinabomolewa chote. Amri ya nyumba yake nikaifuta pale pale, nikasaini kwa mkono wa kushoto. Ile X ya plasta haikufutika. Wiki nne nzima sokoni watu waliniuliza nabomolewa lini.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilinikuta Nambambo, plasta imeshatolewa. Wajukuu walikuwa ndani, wakavu. Ukuta ulikuwa umenyooka. Mkono wangu ulikuwa na nundu pale mfupa ulipoungana, na Kaimu alishaniambia kwamba zile seli za kubomoa zitaipunguza taratibu, pengine mwaka mzima.

Bi Mwanawetu alipitisha kidole juu ya nundu, kama mimi ninavyokagua kuta za watu.

“Hii imezidi. Nakupa siku kumi na nne.”

Nimeandika kuomba kuongezewa muda.