Malalamiko Kuhusu Magoti ya Philomena

Tharsisi Nkunzimana,
Mkulima wa Ufuta,
Kasulu.

Kwa Mwalimu Ghati,
Wakala wa Vidonge vya Dondoo ya Ufuta (baada ya vipindi).

YAH: KUPONA KUPITA KIASI

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na chaki haijakuishia. Mimi si mzima. Naandika kwa heshima zote, na hasira kidogo, kuhusu kopo la vidonge uliloniuzia mwezi wa tatu kwa ajili ya magoti ya mke wangu, Philomena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vidonge vimefanya kazi. Hatukukubaliana hivyo. Nilinunua ili nionekane mume anayejali, kama nilivyonunua bangili ya shaba na mafuta ya mbuni. Vile vilikuwa na adabu, havikumbadilisha mtu.

2. Wewe ni mtu wa Tarime, lakini umekaa hapa vya kutosha kuona kwamba Waha hatusalimiani kwa kupunga mkono. Mtu anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za watoto, za mbuzi na za maharage, ndipo anainuka. Kwa miaka tisa magoti mabovu yalimpa Philomena ruhusa ya kusema "Mwakeye" akiwa wima na kupita zake. Ilikuwa ndoa yenye mwendo mzuri. Sasa anamchuchumalia kila anayepumua. Jumapili iliyopita tulitoka nyumbani alfajiri kwenda kanisani, wala si mbali, tukakuta watu wanatoka. Na kwa kuwa walikuwa wanatoka, ikabidi awasalimie.

3. Japhet wa bodaboda, akikaribia kwetu, anazima injini na kuteremka mlima kimyakimya kama mwizi wa kuku.

4. Anasema waliokosa salamu zake miaka yote tisa wamedhulumiwa, kwa hiyo anawarudia. Upande wa sokoni amemaliza. Wanafuata dada zake wa Kakonko, kisha shangazi zake wa Mabamba. Mabamba, Mwalimu! Ng'ambo ya pale ni Burundi, nchi nzima ambayo haijasalimiwa.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ufuta wangu umeiva, na ufuta haubembelezwi. Ukichelewa kuukata, maganda yanapasuka, mbegu zinapukutika chini, wanaofaidi ni sisimizi. Kila asubuhi tunatoka na miundu yetu, na kila siku tunafika shambani jua linazama. Zikipita siku tatu zaidi hivi, jasho langu la msimu mzima limekwenda. Naogopa, sikufichi.

6. Sasa fikiri kama msomi. Magoti ya wanawake wote wa wilaya yakipona, hakuna atakayefika shambani. Bila ufuta hakuna dondoo. Bila dondoo magoti yanaharibika tena, wanawake wanasalimia wima, ufuta unavunwa, dondoo inapatikana, wanapona. Wilaya itazunguka hivyo mpaka uchaguzi ujao, na wagombea nao watataka kusalimiwa.

Naomba basi vidonge vipunguzwe nguvu, au vitengenezwe vya goti mojamoja, ili achuchumae nusu. Hilo likishindikana, kopo liandikwe kwa herufi nyekundu: ASITUMIE MWENYE NDUGU WENGI.

Nisalimie mumeo, watoto, walimu wenzako, mpishi wa shule na mlinzi wa geti. Umeona? Nimewasalimia wote kwa sentensi moja, na hakuna aliyekufa.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Tharsisi Nkunzimana

N.B. Kabla sijafunga bahasha wameingia shambani watu kumi na saba, kila mmoja na mundu wake. Kumbe kila Philomena alipochuchumaa, naye aliulizwa habari za shamba, na hakuficha. Ufuta wote umekatwa, umefungwa na kusimamishwa ukauke kabla ya chai ya saa nne. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka, na yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Nikaanza kuwashukuru inavyotakiwa, mmoja mmoja, kwa kuchuchumaa na kupiga makofi. Nilipomaliza mtu wa nne magoti yamegoma. Haya naandika nikiwa chini. Tafadhali mpe Japhet, mleta barua, makopo mawili, na umwonye asisalimie mtu njiani. Bado kumi na watatu wananisubiri.