Minazi ya Kaoze

Habari ililetwa na Redio, na kwa kweli hakuna habari inayofika Katandala, mtaa wetu hapa Sumbawanga, bila kupita kwake. Jina lake la ubatizo ni Isdori. Ni kinyozi, na saluni yake ndiyo nguzo ya kijiwe chetu: benchi liko barazani kwake, Rozina anauza kahawa kwenye kona ya baraza hiyo hiyo, na mimi nashona viatu pembeni yao. Asubuhi ile baridi ilikuwa inauma vidole. Redio akatoka nje na mashine mkononi, mteja kamwacha kichwa nusu, akatutangazia kwamba televisheni imetengeneza tamthilia ya maisha ya marehemu Silvana. Itaanza Jumatatu saa moja jioni na itakwenda kila siku mpaka Alhamisi, wiki kwa wiki, hadi mwisho wake.

Wote tukamgeukia Baltazari. Silvana alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Walizaliwa Kaoze, huko chini bondeni, baba yao akiwa katekista. Silvana akaenda Dar, akaigiza filamu mpaka sura yake ikawa inauzwa kwenye kanga na madaftari, halafu figo zikamwangusha akiwa bado kijana. Tulimzika Kaoze kwenye matope, mvua imekata barabara, na jeneza tulilibeba mabegani kipande cha mwisho. Baltazari anauza spea za pikipiki mtaa wa pili na si mtu wa maneno. Siku ile alikunywa kahawa yake tu.

Ng'ombe Kumi ndiye aliyemuuliza kama familia ilishirikishwa. Huyu ni Meshack, watu wake walihamia huku na mifugo kutoka Usukuma, na jina tulimpa kwa sababu kila kitu anakipima kwa ng'ombe.

"Walinipigia mara moja," Baltazari akajibu. "Waliuliza Kaoze inaandikwaje."

Jumatatu saluni ilijaa. Waliokosa nafasi kwenye mabenchi walisimama mlangoni na mablanketi yao. Muziki ukalia, jina la Silvana likapita kwa herufi za dhahabu, kisha yakatokea maandishi: Kaoze, Rukwa. Nyuma ya maandishi hayo kulikuwa na minazi mirefu, mchanga mweupe na bahari.

"Hiyo bahari ni ya wapi?" Ng'ombe Kumi akauliza.

"Ni Ziwa Rukwa hilo," Redio akatetea, maana televisheni ni yake. "Mwaka huo lilijaa."

"Lilijaa mpaka likaota minazi?"

Hapo ndipo tulipoanza kucheka, na tulicheka wiki nzima. Wazee wa Kaoze kwenye tamthilia walivaa kanzu na kuitana yakhe. Mama yake Silvana alikuwa anakuna nazi. Rozina, ambaye kwao ni Matai na ulezi ameusaga tangu akiwa mtoto, alisema yule mama wa kwenye tivii akipewa mwiko wa ugali wa ulezi atadhani ni kasia. Na Silvana alikuwa mtoto wa pekee. Hakukuwa na kaka hata wa kupita nyuma ya kamera.

Hilo la kaka lilimpa Baltazari jina jipya. Kesho yake asubuhi alipofika kijiweni, Ng'ombe Kumi alimsogelea akamkagua juu hadi chini, akamuuliza kwa adabu kabisa yeye ni nani, kwani kwa mujibu wa televisheni hajazaliwa. Basi akawa Hajazaliwa. Rozina alimwambia mtu ambaye hajazaliwa hanywi kahawa, anasubiri kunyonya. Baltazari mwenyewe alitabasamu. Utani wa kijiweni anauelewa.

Mambo yalibadilika walipomleta baba. Yule katekista, ambaye sisi tuliomjua tulimwona na koti moja jeusi na kitabu cha nyimbo miaka yote, kwenye tamthilia alikuwa mganga. Alikaa kwenye pango lenye mafuvu, akanyunyiza damu ya kuku, akatuma radi ipige basi lililombeba binti yake, na alipokosa akaahidi kumchukua kwa njia nyingine. Ilimaanisha kwamba siku Silvana atakapougua, mtazamaji atakuwa anamjua mkosaji. Watu wa Dar wakisikia Sumbawanga hawaulizi tunalima nini. Wanauliza radi.

Sisi tukaona ni kichekesho kingine. Ng'ombe Kumi akamwomba Hajazaliwa amwombee kwa mzee, zizi lake lisipigwe radi. Baltazari aliweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu, akaondoka bila kuaga.

Rozina alitusema siku hiyo, akatusema vizuri. Yeye alikuwa amesikia tuliyokuwa hatujayasikia. Dukani kwa Baltazari alikuwa amekuja kijana wa bodaboda, amenunua plagi, halafu akainama na kuuliza kwa sauti ya chini kama mzee aliacha dawa yoyote ya kuvuta abiria. Na mwingine alikuwa amehama kabisa, siku hizi ananunua spea kwingine akisema anaogopa. Ng'ombe Kumi akainuka, akaenda dukani mwenyewe. Sijui walizungumza nini huko. Walirudi pamoja.

Baltazari akatueleza shida yenyewe. Mama yao, Mama Cornelia, anapanda kutoka Kaoze kuja kupimwa macho. Atakaa kwake wiki hiyo. Yeye alikuwa ameshang'oa waya wa king'amuzi nyumbani na kusema kimeungua, lakini akaogopa midomo yetu. Mama alikuwa amemzika mume, amemzika na binti, na sasa aone mumewe anamuua binti yake mbele ya nchi nzima?

"Nawaombeni ndugu zangu," alisema. "Akipita hapa, hakuna tamthilia. Hamjui kitu."

Tukakubaliana. Redio aliapa, na kiapo cha Redio ndicho kilichotutia wasiwasi.

Mama Cornelia alifika Jumatatu. Ni mama mwembamba, mrefu, aliyejifunga kanga mbili juu ya sweta na bado analalamikia baridi ya huku juu. Jumanne jioni, Baltazari akidhani yuko nyumbani anapumzika, tulimwona anakuja peke yake moja kwa moja mpaka barazani. Tukaruka sote na shikamoo. Akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akauliza habari za nyumbani, akaikataa kahawa ya Rozina kwamba itamnyima usingizi. Kisha akamtazama Redio.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye tivii kubwa?"

Redio alisema tivii ni mbovu. Wakati huo huo ilikuwa inasikika ndani ikisoma taarifa ya hali ya hewa.

Mama akaingia. Akatafuta pa kukaa, akaona kiti cha kunyolea, akakalia hicho, na Redio kwa kuchanganyikiwa akamfunga kitambaa shingoni kama mteja. Rozina akanituma nikamwite Baltazari. Nilimkuta anafunga duka. Alikimbia mtu mzima yule, akaingia saluni anahema, akamwambia mama yake twende nyumbani, mama, macho yako hayatakiwi kuangalia mwanga mkali.

"Macho yangu mazima," alisema Mama Cornelia. "Nimepanda huku kumwona Silvana. Kaoze wananionyesha kwenye simu, anakuwa mdogo kama sisimizi."

Kumbe alikuwa ameona yote. Wajukuu walimwonyesha kila kipande tangu siku ya kwanza, minazi, mafuvu, radi. Baltazari alishika ukuta. Alianza kueleza kwamba alitaka kuwapigia wale watu, alitaka kwenda kwa wakili, kwamba jina la baba haliwezi kuachwa hivyo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu bega likaanza kumtikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Baba yako popo akiingia ndani alikuwa anapanda kitandani na viatu," alisema. "Leo ndiye wa kukaa pangoni?"

Hapo tukakosa pa kushika. Ng'ombe Kumi alitoka nje kabisa kucheka. Hata Baltazari alicheka, akijifuta macho, na nadhani ni mara ya kwanza kumwona hivyo tangu mazishi. Mama akasema wanaomjua mumewe wanamjua, na wasiomjua wamwogope tu, huenda wataacha kukata miti yake ya mipakani.

Tamthilia ikaanza. Yule binti anayemwigiza Silvana alikuwa ameshafika Dar, anapokea tuzo yake ya kwanza. Mtu akamtania, binti akacheka, na akacheka kwa kufunika mdomo na kiganja, vidole vimeelekea shavuni. Mama Cornelia aliinuka nusu kutoka kwenye kiti.

"Mmemwona? Huyo ndiye. Huyo alikaa akamtazama mwanangu."

Akatuambia kila kitu kingine wanaweza kukikosea, bahari waiweke, nazi wakune, lakini mkono ule hawakuubuni. Silvana hakuzaliwa anacheka hivyo. Alianza kufunika mdomo akiwa darasa la pili, baada ya kaka yake kumwangusha kutoka kwenye toroli wakishindana njia ya kisimani, jino la mbele likabaki nusu. Hata alipopata hela za kulitengeneza, mkono ulikuwa umeshazoea. Mama akamgeukia Baltazari.

"Jino lile ulilivunja wewe. Kwa hiyo na wewe umo."

Baltazari alikaa sakafuni karibu na kile kiti, kwenye nywele za wateja, akaangalia mpaka matangazo yalipoingia. Kila binti alipocheka, alikuwa anamtazama mama yake.

Jumatano mama aliangalia tena, kiti kile kile. Redio alikuwa ameweka mto. Mwishoni walionyesha Silvana akishika ubavu, akiegemea mlango, kisha wakatangaza kwamba kesho ndiyo sehemu ya mwisho, watazamaji waandae vitambaa vya machozi. Mama alifungua kitambaa cha kunyolea mwenyewe, akakikunja, akamrudishia Redio na kumshukuru. Rozina alimuuliza kama kesho amwekee uji wa ulezi badala ya kahawa.

"Kesho asubuhi napanda basi, mwanangu. Hiyo ya kesho mimi nilishaiona."

Tukamsindikiza stendi Alhamisi, kijiwe kizima. Baltazari alimkatia kiti cha mbele, akakaa naye mpaka basi lilipowasha, akashuka. Tulirudi kwa miguu bila utani wowote.

Jioni yake watu walianza kufika saluni mapema, mablanketi mabegani, wengine wamekuja na watoto. Redio aliwaambia umeme umekatika. Alikuwa anamnyoa mteja, mashine inanguruma mkononi. Wakamwonyesha ile mashine. Akasema umeme umekatika kwenye tivii tu, ndivyo laini ya Katandala ilivyo. Walinung'unika, wakatafuta tivii kwingine. Sisi tulibaki barazani. Saa moja ikafika na kupita, Rozina akaongeza maji kwenye birika, na Ng'ombe Kumi akaanzisha ubishi kama ng'ombe anaweza kula majani ya mnazi.

Asubuhi, kijana mmoja aliyekuja kunyolewa aliingia akilalamika kwamba jana alikuwa njiani kutoka shamba na tamthilia imempita. Akatuuliza Silvana aliishia wapi. Redio alitutazama, sisi tukamtazama Baltazari. Akamaliza kahawa yake kwanza.

"Alirudi Kaoze," alisema, "na mama yake. Basi la asubuhi."