Kaa wa Nangara

Jumatatu, 9 Agosti 2004
Nimepata wazo. Mkoa mpya unatafuta vitu vya kale vya chumba cha maonyesho. Mwalimu mwenzangu Cornel keshapeleka kigoda cha babu yake. Kigoda! Mimi nina kaa aliyegeuka jiwe, niliyemwokota ufukweni Tanga likizo ya Juni. Nimemwandikisha kuwa ametoka kwenye korongo la hapa kwetu Nangara.

Jumanne, 10 Agosti
Ofisini mkoani wamefurahi kupita kiasi. Wakauliza ametoka tabaka gani la mwamba. Tukaenda korongoni, nikaonyesha lolote, la kijivu. Kumbe juu yake ni shamba la mbaazi la Mama Coletha, mjane. Litachimbwa Ijumaa, mtaalamu wa miamba akiridhika. Cornel hanisalimii. Raha.

Jumatano, 11 Agosti
Raha imekwisha. Mama Coletha alikuja nyumbani kuuliza kwa upole kama wachimbaji wanaweza kusubiri avune. Akaniita mwanangu. Nikaacha ugali mezani. Nikaenda ofisini kukiri, nikamkuta Cornel ndani. Nikarudi.

Alhamisi, 12 Agosti
Mpango mpya. Nimempaka kaa udongo mwekundu wa Singe, kando ya barabara, ambako hakuna mbaazi ya mtu. Nitasema nilichanganya Singe na Nangara.

Ijumaa, 13 Agosti
Mtaalamu ni dada mmoja, Xaveria. Alimwosha kaa kwenye beseni palepale shambani. Singe yote ikabaki majini. Akadondosha tindikali: jiwe likatoa povu, mwamba wa Nangara haukutoa. Kwa kioo cha kukuzia akaona vigamba vya baharini na punje za matumbawe.

“Mwalimu, huyu ametoka kwenye mwamba wa chokaa wa pwani,” alisema. “Ulimwokota wapi hasa?”

Mama Coletha alikuwa amesimama katikati ya mbaazi zake, ananitazama.

“Tanga,” nikasema. “Ufukweni. Nisamehe, mama.”

Aliketi chini palepale, akacheka huku anafuta macho. Akasema basi kesho nije nivune naye. Nilitembea hadi nyumbani mwepesi kama niliyepona malaria.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimevuna kutwa. Mgongo umekufa, moyo mweupe. Xaveria ameondoka na kaa, akatafute mwamba wake juu ya ule ufukwe. Ofisini wamenionya kwa mdomo tu. Ahsante Mungu.

Jumapili, 15 Agosti
Baada ya ibada nimepita kwenye chumba cha maonyesho. Bado kina nafasi, karibu na dirisha. Nimefukia chungu cha mke wangu nyuma ya choo. Kufika Krismasi kitakuwa cha kale.