Kitu Laini cha Kutosha

Jumatatu, 8 Septemba
Barua imefika. Nimenyimwa hataza, hati ya kuzuia watu kuiga, ya mashine yangu ya kupukuchua mbaazi. Eti maelezo hayajitoshelezi, fundi mwingine akiyasoma hawezi kuitengeneza. Ndiyo maana niliandika hivyo! Ndani ya pipa, nilisema, kuna "kitu laini cha kutosha". Nikikitaja, fundi Filbert wa Bagara ataiga kesho yake. Miaka mitatu ya jasho langu. Nimekata rufaa, nimechoka hata kabla ya kuanza.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepata mbinu. Fundi mwingine akiweza, nimeshinda. Nikampa maelezo Rogath, mchomeleaji wa hapa Nangara. Jioni kanionyesha pipa. Ndani kaweka godoro. Mbaazi zimezama humo, hazijatoka mpaka sasa. Kasema godoro ni laini, tena la kutosha.

Alhamisi, 11 Septemba
Rogath kaja na pipa la pili. Limetandikwa soli za ndala kuukuu. Mbaazi safi, hata moja haijapasuka. Nikamuuliza nani kamwambia siri yangu. Akasema hakuna, ila mwaka juzi nilipita nyumba kwa nyumba kuomba ndala, na Mama Kandida bado anaulizia zake, hazikuwa kuukuu. Kumbe mtaa mzima unajua. Hata Filbert, sokoni, kaniuliza kama bado napokea za mguu wa kushoto.

Ijumaa, 12 Septemba
Rufaa imesikilizwa kwa simu ya video. Mwenyekiti ni mama mpole, nikamwamkia. Nikasema Rogath ameweza. Akauliza kama aliweza kwa maelezo yangu. Nikakohoa. Akasema basi nikitaje hicho kitu laini, waone la kufanya. Nyuma ya simu mke wangu Otilia kanyanyua ndala yake, ananinong'oneza: sema, Baba Vailet, sema tu. Nikajibu ni siri ya kazi. Rufaa imetupwa. Otilia sasa haniiti tena Baba Vailet, ananiita Konstantini. Inauma kuliko barua.

Jumapili, 14 Septemba
Wazo limenijia katikati ya misa. Mashine ya kupepeta alizeti! Maombi nimeshaanza kuyaandika: "Upepo hutoka kwenye chombo kinachofaa." Chombo chenyewe sikitaji, hata humu, maana Otilia husoma shajara hii. Safari hii hakuna atakayejua. Kesho asubuhi napita nyumba kwa nyumba kuomba feni kuukuu.